Mama mkubwa analala kabla filamu haijafika katikati

SWALI: Dada, kila Jumamosi jioni ndugu na majirani tunakutana kwangu Tabata kuangalia filamu kwa projekta. Nilichoka na muvi za mabomu, nikaleta filamu ya Kirusi yenye tuzo nyingi. Ni ndefu na maneno yake ni machache. Mama mkubwa alilala, vijana wakahamia kwenye simu. Nichague vipi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Usirudi kwenye mabomu, ndugu yangu. Ila tuzo ziweke pembeni kwanza. Angalia shida iliyomo kwenye filamu: je, sebule yako inaijua?

Anza na Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1968. Mzee Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake anayefagia barabara Paris anamtumia hawala ya posta ya faranga 25,000, na sehemu kubwa ya hela hiyo si yake. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Huku nyuma mtaa mzima umeshasikia kwamba mzee kapata hela, na wakopaji wanabisha hodi asubuhi na jioni. Aliyewahi kuhangaikia namba ya NIDA ili asajili laini ya simu hahitaji kuelezwa. Watu mle wanazungumza Kiwolofu, wanabishana, wanasutana. Mama mkubwa hatapata nafasi ya kusinzia.

Wiki inayofuata weka Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Baba anapata kazi ya kubandika matangazo Roma, na sharti la kazi ni baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani waweke rehani ili waikomboe ile yao, na mfanyakazi wa pale anakwea kuyapanga kwenye rafu zilizojaa mashuka ya watu wengine. Kwangu mimi hapo ndipo filamu nzima ilipo. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibiwa, na baba anazunguka kuitafuta akiwa na mwanawe mdogo. Dar nani hamjui kijana aliyeibiwa bodaboda ya mkataba, na tajiri bado anadai hesabu? Aliyeigiza baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana hata anavyotembea. Ikiisha, usiwaulize kama wameipenda. Waulize: ungekuwa wewe, mwanao anakutazama, ungefanya nini?

Sasa maandishi ya chini. Hili ndilo linaloua vikundi vingi, kwa sababu yako kwa Kiingereza na yanapita haraka. Mimi nimekulia Manzese, kwenye vibanda umiza, DJ akitutafsiria muvi za Kichina na za Kihindi kwa kipaza sauti, na hakuna aliyeachwa nyuma. Fanyeni hivyo hivyo. Mwenye sauti nzuri aitazame filamu peke yake mapema wiki hiyo, kisha Jumamosi akae nyuma ya wazee awasemee kwa Kiswahili. Asichekeshe wala asiongeze chumvi. Pale watu wanaponyamaza kwenye filamu, naye anyamaze.

Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, 1953, iacheni mpaka mzoeane. Inazidi saa mbili, na kamera imewekwa chini kama mtu aliyekaa mkekani. Lakini wazazi wanaowatembelea watoto wao mjini wakakuta kila mtu yuko bize, hiyo naipenda kupita zote nilizotaja, na najua nani atalia kwanza hapo kwako.

Mkipenda kuona zaidi, fuatilieni ratiba za Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani hapa mjini. Huwa wanaonyesha filamu.

SWALI: Watoto wangu wa darasa la nne na la sita wanataka kukaa nasi. Ipo inayowafaa? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Ipo. Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami, Iran, 1987, haifiki hata saa moja na nusu. Mtoto anagundua amebeba daftari la mwenzake, na mwalimu ameshasema mwenzake akirudia kuja bila kazi yake daftarini atafukuzwa. Anatoka mbio kulipeleka nyumbani kwa mwenzake, kijiji cha pili, na kila mkubwa anayemuuliza hana muda naye. Wanao watamwelewa kabla yako.