Kumsifia mwanao kwa Kiingereza cha Texas

Swali la wiki hii: ukiwa Marekani, utasemaje kwa Kiingereza cha mtaani kwamba unajivunia mtoto wako, watu wasikuone unajitapa? Wengi watakimbilia "I am proud of". Si kosa, ila inanukia hotuba ya mahafali. Majimbo ya kusini, Texas kwa mfano, wenyeji wana "brag on".

Kazi yote inafanywa na hicho ki-"on". "Brag" ikiwa peke yake ni kujigamba, na anayekusikiliza huenda akabetua mdomo. Ukiipachika "on", kwa kawaida sifa humwendea mwingine: mjukuu, mwanafunzi, mfanyakazi mwenzako. Bibi akianza "I have to brag on my grandson", watu hutega sikio wala hawaoni majivuno. Katika makanisa ya Wamarekani weusi utamsikia hata mhubiri akitaka "to brag on God". Naam, Mungu naye husifiwa hivyo.

Anayesifiwa hutajwa baada ya "on": "brag on her". Ukisema "brag her on" umeiharibu. Kwenye "bragged" na "bragging" andika g mbili. Na usimwage sifa tupu, sema amefanya nini: "He was bragging on her for passing the nursing exam." Kama mwenyewe yupo hapo hapo, mwombe ruhusa kwa utani: "Let me brag on you for a minute."

Vijana wa Dar na Nairobi watauliza, kwani "big up" ina kasoro gani? Haina, ila ni mali ya Jamaika, imesambaa na muziki wa dancehall, na inapongeza zaidi kuliko kujivunia. Sarufi yake nayo ni kinyume. Kiwakilishi huingia katikati, "big her up". "Big up her" inakwaruza sikio, ingawa "big up my sister" ni sawa kabisa. Chunga pia "big yourself up", maana hapo unajipigia debe. London "big up" itaeleweka bila shida, lakini ukiwaletea "brag on" wengine watadhani umekosea kihusishi.

Kwenye barua ya kazi au ya kumpendekeza mtu, ziache zote mbili. Huko ndiko "proud of" inakofaa.