Moto wa bluu si cheti cha usalama wa wiski

SWALI: Familia yetu ina mtambo mdogo wa wiski ya kimea cha shayiri. Kila tukikeneka tunamwaga kileo cha mwanzo, kisha mjomba anachoma kijiko kimoja. Moto ukiwa wa bluu, anasema methanoli, kile kileo chenye sumu, imeisha. Je, hilo latosha kabla hatujawakaribisha wageni kwenye chumba cha kuonjea?

JIBU: Halitoshi. Na tafadhali, kiberiti cha mjomba kikae mbali na mtambo, maana mvuke wa kileo kibichi hushika moto upesi.

Hiki kipimo cha kijiko kimenichosha. Methanoli yenyewe huwaka kwa mwali wa bluu hafifu, tena mchana unaweza usiuone kabisa. Kwa hiyo pombe safi na yenye sumu zote zinafaulu mtihani wa mjomba.

Kumwaga kileo cha mwanzo mnafanya vyema, ila sababu siyo hiyo. Watu husikia kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli, yaani kileo chenyewe cha kunywa, 78.4, wakaamini ile ya kwanza hutoka yote mapema. Ndani ya mchanganyiko wenye maji haiendi hivyo. Methanoli huendelea kutoka hadi mwishoni. Mnachokiondoa hasa ni asetaldehidi na ethili asetati, kemikali mbili zenye harufu kali. Sugua matone mawili viganjani, unuse: kikinukia dawa ya kufutia rangi ya kucha, endeleeni kumwaga. Kinachowasaidia ninyi ni shayiri yenyewe. Methanoli hutokana na pektini, ile inayogandisha jamu, na nafaka ina pektini kidogo kuliko matunda. Hata hivyo, pelekeni sampuli maabara ipimwe kwa kromatografia ya gesi, yaani kipimo kinachotenganisha kila kemikali na kuonyesha kiasi chake.

Maafa mengi ya methanoli hayatokani na mtambo kama wenu. Hutokana na methanoli ya viwandani ambayo walafi huichanganya kwenye pombe ili ijae. Msinunue kamwe spiriti ya madumu isiyo na karatasi eti mpate ya kuongezea. Na asije mtu kuwaambia "tumeionja jana, hatukufa." Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hata zaidi ikiwa imenywewa pamoja na pombe ya kawaida, na mililita 10 tu zaweza kupofusha. Anayelalamika kuona ukungu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo; maziwa na ndimu havitoi methanoli mwilini.