Madini ya chuma baada ya upasuaji wa kupunguza uzito
Ndugu, umeuliza kwa nini feritini yako (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) inazidi kushuka ilhali unameza vidonge vya madini ya chuma kila siku tangu upasuaji. Upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo hukiruka kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ambacho ndicho hufyonza chuma kwa wingi, na asidi ya tumboni, inayosaidia chuma kufyonzwa, nayo hupungua. Hata hivyo, kabla ya kulaumu vidonge, tazama saa unayovimeza: mimi nilikuwa nikishushia chuma na kalsiamu kwa funda moja la chai, kosa maradufu, kwani kalsiamu na chai vyote huzuia chuma kufyonzwa. Vitenganishe na chuma kwa saa 2 au zaidi. Feritini isipopanda, mwulize daktari kuhusu chuma cha kudungwa mshipani, usijiongezee dozi.