Uliza kwanza meli imebeba nini

Anayewafundisha mabaharia wa leo habari za misafara ya meli ya Vita vya Pili vya Dunia kule Atlantiki aanze na shehena, nyambizi zije baadaye. Shehena ndiyo iliyopanga muda wa kujiokoa. Mbaya kuliko zote ilikuwa madini ya chuma. Ni mazito mno, kwa hiyo meli hufikia uzito wake tumbo likiwa bado wazi, na uwazi wote huo ni nafasi ya maji. Topido moja, na meli imekwenda chini kwa dakika moja au mbili. Meli ya mbao, kinyume chake, ilielea saa nyingi hata ikijaa maji. Za petroli na baruti zilipangwa safu za katikati ya msafara, na sababu yake kila mtu anaijua.

Sasa mashua za kujiokolea. Mashua inayoning'inia nje tayari huachwa bila nguruzi, kizibo cha tundu la chini, ili maji ya mvua yatoke. Gizani, kwa haraka, watu huisahau nguruzi. Ifunge kwa kamba fupi kando ya tundu lake, umpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina. Shusha tezi na omo sawasawa. Upande mmoja ukitangulia, watu humwagika baharini kama nafaka. Tena usishushe mashua wakati meli bado ina mwendo, maana mashua huweza kupinduka ikigusa maji. Tatizo ni kwamba chumba cha injini kikishafurika hakuna wa kuizima, na mara nyingi walioko zamu humo hawatoki.

Ukiwa majini, ogelea kuelekea upepo unakotoka, kwa sababu mafuta mazito husukumwa na upepo, na ukiyameza yanaunguza koo na mapafu. Manowari za ulinzi usizitegemee kusimama, huwinda nyambizi kwanza. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizama karibu na Maldivi kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, na mabomu ya kuisaka nyambizi iliyoipiga yalirushwa palepale walipokuwa wakielea manusura. Mshindo wa bomu hupita majini na kupasua matumbo, hivyo lala chali, kifua na tumbo viwe juu kadiri uwezavyo.

Usiku, washa taa ndogo ya jaketi la kuokolea. Meli ya uokoaji huiona taa, kichwa cha mtu haikioni.