Sufuria nzito za stenlesi? Nunua dada
Dada umeuliza kama stenlesi nzito ina maana wakati zile nyembamba za alumini bado zipo, nunua tu ila anza na moja. Mimi hapa Moshi, sufuria yangu ya alumini ilibonyea kitako mpaka ikawa inacheza kwenye jiko la gesi, wali katikati umeungua pembeni kiini. Igeuze uangalie kitako kiwe kinene, maana stenlesi yenyewe haisambazi moto vizuri ndo mana wanaweka alumini ndani ya kitako. Ipashe kwanza, dondoshea maji, tone likikimbia kama gololi ndo uweke mafuta, yai halishiki. Ila kwa makande chukua presha kuka, huku kwetu juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, maharage yanachelewa kuiva.