Leseni Moja, Milango Mingi: Kwa Wanaokuja Kufanya Utafiti Lamu

Msimu wa kaskazi ukifika, hushuka Lamu vijana wawili watatu wenye mabegi mazito na karatasi moja waliyoitia kwenye plastiki isilowe. Karatasi hiyo ni leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Wameihangaikia, wameilipia, na wanaamini kwamba wakishaipata, serikali yote imejua kuwa wanakuja. Kesho yake wanataka mashua ya kwenda mikokoni. Mimi nilianza kazi hii kwa kubeba ndoo za tope za watafiti wengine, na sasa ndiye ninayewapangia safari. Huwaomba kwanza tukae barazani tusome pamoja masharti ya leseni hiyo.

Ni masharti mafupi. Yanasema leseni haihamishwi kwa mtu mwingine. Yanasema kabla hujaanza, uwajulishe kamishna, mkurugenzi wa elimu na gavana wa kaunti unayofanyia kazi. Yanasema kuchimba, kupiga filamu na kukusanya vielelezo kunahitaji vibali zaidi kutoka idara zinazohusika. Na yanasema wazi kwamba leseni haikupi ruhusa ya kuhamisha sampuli. Ukiyasoma kwa utulivu utaona kuwa tume imekufungulia lango la ua. Vyumba vya ndani vina wenyewe.

Inafaa mjue kwa nini mambo yako hivi, maana asiyejua huishia kumkasirikia karani. Sheria ya kwanza ya sayansi na teknolojia nchini ilitungwa 1977, ikaunda baraza la taifa la kuishauri serikali. Marekebisho ya 1979 yakaleta taasisi za utafiti, ikiwamo KMFRI inayoshughulika na bahari na uvuvi. Sheria ya 2013 ndiyo iliyofuta ile ya 1977 na kugawa kazi kwa vyombo vitatu: NACOSTI ya kusimamia na kutoa leseni, KENIA ya kukuza ubunifu, na NRF, mfuko wa utafiti. Mfuko huo uliahidiwa na sheria asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Ahadi hiyo haijatimizwa, nami naihesabu kuwa deni, kwa sababu mwanafunzi wa hapa anayelipa mafuta ya boti kwa pesa za mfukoni ndiye anayelibeba. Lakini Bunge halikuzivua idara nyingine mamlaka yake. Kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, za misitu na za uvuvi za 2016, ya makavazi na turathi ya 2006, ya mazingira ya 1999 pamoja na kanuni zake za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki. Kila moja ina afisi yake, fomu yake na muhuri wake. Uratibu wa siku kwa siku kati ya afisi hizo hufanywa na mtu anayetembea na barua mkononi, na ukishafika Lamu mtu huyo ni wewe.

Chukueni mkoko mmoja tu, tuseme uko kwenye mkono wa bahari karibu na Kiunga. Kaunti yetu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo hamtakosa wa kuuchagua. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, basi mti huo unasimamiwa na KFS, Shirika la Misitu. Lakini pia umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, na huko mwenyewe ni KWS, Shirika la Wanyamapori. Kaa na vifaranga vya samaki waliojificha mizizini ni habari ya idara ya uvuvi na ya BMU, kamati ya wavuvi ya kijiji kile. Ukichuma jani ukachunguze chembe zake za urithi, umeshaingia kwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Ukizamisha mrija topeni ukatoka na kigae cha chungu, na huku kwetu kigae cha kale ni rahisi kukiokota kuliko sarafu, hicho ni cha Makavazi ya Kitaifa. Na ukimkuta mkata boriti ukataka kumhoji amekata mazio ngapi na nguzo ngapi (boriti za unene mbalimbali) msimu huu, huyo ni mtu. Anahitaji kuombwa ridhaa yake, na majibu yake yanalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua hata moja, chora mti huo kwenye karatasi kubwa: mizizi, tope, maji, majani, wanyama, watu. Pembeni ya kila kimoja andika jina la afisi yenye neno juu yake. Nimeona watu wenye shahada za uzamifu wakinyamaza mbele ya mchoro huo, kisha wakachukua kalamu wakaanza kupunguza kazi waliyopanga. Si vibaya kupunguza. Kama jani hulihitaji kweli, usilichume.

Hili la vibali nimelijua kwa hasara. Katika miaka yangu ya mwanzo tulitoa mirija ya tope kwenye mikoko ya kusini, kazi ya siku nne za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kuliko kawaida. Tope lilikuwa likipelekwa maabara Mombasa likiwa baridi, kwa sababu kilichotafutwa ni vijidudu vilivyomo. Tulikuwa na leseni, tulikuwa na barua ya kuingia msituni. Njiani tukasimamishwa, tukapelekwa kwenye afisi moja, na afisa akaisoma barua yetu mara mbili. Ilisema "kukusanya". Haikusema "kusafirisha". Mwenye mamlaka ya kuongeza neno hilo alikuwa safarini, na barua aliyoiacha haikumpa mwingine sahihi yake. Tukangoja siku mbili. Nilinunua barafu kwa wauza samaki mpaka ikaisha, nikafunika masanduku kwa magunia yaliyoloweshwa, na asubuhi ya siku ya tatu nilipofungua kifuniko harufu peke yake ilinitosha. Kazi ya watu saba ilimwagwa. Msichana mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu yake alilia mbele yangu, na barua ile nilikuwa nimeiandika mimi.

Tangu hapo naandika barua kwa vitenzi. Kuingia. Kupima. Kukata. Kukusanya. Kuhifadhi. Kusafirisha kutoka wapi hadi wapi. Kutoa nje ya nchi, kama ipo. Kila kitendo mtakachofanya kiwe na neno lake, na kila neno lipelekwe kwa mwenye mamlaka juu yake. Afisa akiuliza, umwonyeshe kwa kidole. Msidhani wanasumbua bure. Nchi hii inakumbuka vijidudu vilivyochotwa katika maji moto ya Ziwa Bogoria, vikawa mali viwandani ng'ambo, na KWS ikabaki ikidai haki baada ya mambo kupita. Anayekuuliza sampuli inakwenda wapi anaulizia kitu cha haki kabisa.

Mkitaka kuona idara zinavyoweza kukaa meza moja, vukeni mwende Gede, karibu na Malindi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita mraba 420 hivi, una kamati ya pamoja ya usimamizi: KFS, KWS, KEFRI ya utafiti wa misitu, na Makavazi. Mizizi ya mpango huo ni makubaliano yaliyotiwa sahihi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zamani kabla ya sheria ya 2013. Nilifanya kazi huko miezi michache nikimsaidia mtafiti wa ndege, na kilichonishangaza ni kwamba jambo tulilolieleza kwa mmoja, yule wa pili tulimkuta keshalisikia. Hakuna aliyetuuliza "nani kawaruhusu?" Walituuliza "mmefika wapi?" Lamu tunaihitaji meza kama ile kwa ajili ya mikoko, nami nitaendelea kulisema kwenye kila kikao nitakachoalikwa. Mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027 uliandikwa na idara hizo hizo zikishirikiana, kwa hiyo si kwamba hawajui kukaa pamoja.

Mpaka meza hiyo ipatikane, kuna mstari mmoja kwenye barua ambao naupenda kuliko mingine. Ni ule wa chini kabisa, baada ya sahihi: "Nakala kwa". Wageni wengi huuacha mtupu. Ujazeni. Ukimwandikia KFS, nakala iende KWS, kwa kamishna, kwa BMU ya kijiji. Ukimwandikia KWS, vivyo hivyo. Afisa huutazama mstari huo kabla hata hajaisoma barua, ajue wenzake nani wamejulishwa, na mara nyingi atanyanyua simu ampigie mmoja wao hapo hapo ukiwa umekaa. Simu ile ya dakika mbili ndiyo uratibu niliouona ukifanya kazi. Barua ipelekeni wenyewe kwa mkono. Msitume tu kwa baruapepe mkangoja. Ingia, toa salamu, mwenye umri mpe shikamoo yake, eleza kwa Kiswahili unakwenda kufanya nini, na omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe.

Tarehe zenyewe zipangwe kwa bahari. Leseni huwa ya mwaka mmoja, na mwaka wa afisi haujui kusi wala kaskazi. Ukianza kuomba vibali Januari, ukavipata Mei, utakuwa na karatasi zote na bahari iliyochafuka, na nahodha mwenye akili hatakupeleka Kiunga. Rudi nyuma miezi sita kutoka bamvua unayoitaka, anzia hapo. Kwa safari za kaskazini mwa kaunti uliza pia hali ya usalama kwenye afisi ya kamishna wiki ile ile ya kuondoka. Jibu la mwezi jana limeshapitwa.

Nakala ya ripoti ya mwisho inadaiwa na NACOSTI, na hiyo wengi huipeleka. Kijijini haifiki. Mwaka mmoja, kisiwani Ndau, tulikuwa tukifunga utepe kwenye shina la mkandaa, aina mojawapo ya mkoko, mzee mmoja aliyekuwa akituangalia akasema: "Mwanangu, waliokuja mwaka juzi waliipima miti hii hii. Walisemaje?" Sikuwa na jibu. Nilipoulizia, ikaonekana watu wa taasisi mbili tofauti walikuwa wameshapima ghuba ile, kila mmoja kwa kibali chake, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Na sisi tulikuwa wa tatu.

Nilirudi nyumbani nikanunua daftari kubwa la jalada gumu. Humo naandika ghuba, mwezi, kilichopimwa, kibali kilitoka wapi na ripoti imewekwa wapi. Kwa sasa limejaa hadi kurasa za mwisho na nimeanza la pili. Nipo mtaa wa Langoni, Lamu mjini, asubuhi kabla ya jua kukaza. Ukija, njoo na jina la ghuba unayokwenda, tulitafute pamoja kabla hujalipia mashua.