Vikao vya wazazi vikigongana: uende kwa mtoto yupi?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba una watoto watatu katika shule mbili, vikao vya wazazi vimeitishwa Jumamosi moja, na hujui uende wapi. Mimi nina wanne: mmoja yuko kidato cha pili, wa pili darasa la saba, wa tatu darasa la nne na mdogo yuko awali. Kwa miaka mingi nilikuwa nakimbilia kwa mtoto anayelalamikiwa, na yule anayefanya vizuri nikamwacha, nikiamini kwamba hana shida.

Aliyeumia ni huyu wa pili. Alipokuwa darasa la tano, alama zake za hisabati zilishuka kidogo kidogo, nami nikadhani ni uzembe. Siku niliyohudhuria kikao chake, mwalimu wa hisabati alilifungua daftari mbele yangu na kuweka kidole kwenye swali alilokosa. Njia ilikuwa sahihi hatua kwa hatua, ila tarakimu aliyoinakili kutoka ubaoni haikuwa yenyewe: palipokuwa na 8 aliandika 3. Tulipofunua ukurasa uliofuata, tukakuta kosa lilelile. Tulimpeleka kupima macho, ikabainika kwamba haoni vizuri vitu vya mbali, ilhali mwaka mzima alikuwa ameketi dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu na mtulivu. Ripoti isingeweza kuniambia hayo, na hadi leo linaniuma kwamba nilichelewa kwenda.

Tangu hapo, mimi na mume wangu tunagawana shule, na muhula unaofuata tunabadilishana, ili kila mtoto atembelewe na baba na mama kwa zamu. Vikao vikigongana na mwenzangu yuko safarini, natanguliza mtoto ambaye hatukumfikia mara iliyopita, isipokuwa kama mwingine ana upimaji au mtihani wa taifa mwaka huo. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, darasa la nne Oktoba na kidato cha pili Novemba, kwa hiyo kikao cha katikati ya mwaka ndicho chenye nafasi ya kurekebisha jambo. Kwa mtoto niliyemkosa, humwomba mwalimu wa darasa anipangie siku nyingine katikati ya wiki, na sijawahi kukataliwa.

Fika mapema. Mkutano wa pamoja huchukua muda mrefu kwenye michango ya chakula na taarifa za majengo, mambo ambayo ni ya lazima, lakini ukisubiri yaishe utamkuta mwalimu wa darasa amezungukwa na wazazi ishirini na atakupa dakika mbili tu.

Angalia pia namna ya kusoma alama, hasa ukiwa na watoto wa msingi na wa sekondari kwa pamoja. Shule ya msingi kila somo ni alama 50, hivyo 28 ni daraja C. Sekondari ni alama 100, na 28 hiyohiyo ni F. Nimewahi kumgombeza mtoto bure kwa kuchanganya hesabu hizo.

Mwalimu akianza kusema "mbona dada yake hakuwa hivi," mwombe kwa heshima azungumzie huyu mliyenaye. Mimi husema, "Mwalimu, naomba leo tumtazame huyu peke yake," kisha naomba daftari. Walimu wengi huelewa mara moja.

Kwa kuwa umesema yule wa darasa la nne hukumfikia muhula uliopita, Jumamosi hii ningeanza kwake, na leo hii ningemwandikia ujumbe mwalimu wa darasa wa shule ile nyingine, kabla hajahesabu kwamba mzazi hakutokea.